Bamasika Babili, Kamashini Kamoja

Kavira, kale kataa kekundu ka hii kamashini kanawaka? Kanawaka. Bon. Basi andika vile ninasema, hapana kunyoosha. Nikikohoa, andika: amekohoa. Kavira ni bibi ya mutoto wangu Kambale. Amesoma, na batu banaosoma bakikamata neno yangu banapenda kuiogesha na kuivalisha sawa mutoto wa Noeli. Leo hapana kuogesha kitu. Hii habari ilitoka muchafu, ikae muchafu.

Ninasema na weye ule unaikaa sasa hivi ku banc ya hopitali, umefunga fulari ku shingo ju batu basione uvimbe. Ninakujua. Niliikaka pale. Natoka Butembo, naitwa Masika, bajukuu banapita vidole vyangu, na mbele ya yote ujue hii: sikufa. Ya pili: niko na kasirani mingi. Bamama ba paroisse bananiambia, koko, nyanya yetu, Mungu amekulinda, achilia sasa. Nitaachilia nikimaliza kusema, na miye sina haraka.

Ile goitre, ule uvimbe wa shingo, ilianza sawa mbegu ya ndimu. Kiisha yai ya kuku. Kiisha ikakuwa kitu ya kuninyima kuangalia miguu yangu, na sauti yangu ikaanza kutoa mchanga. Mutu mwengine angesema, shingo ni shingo. Mais miye ni mutu wa hadisi. Jioni bajirani banaleta batoto yao ku lopango yangu, mu kiwanja, bamama nao banajifanya banachambua maharagi, kumbe banasikiliza. Na kwetu hadisi haitembee na mutu mumoja. Kuna musemaji na kuna mwitikaji. Ukisema "sungura akatoka," yeye anasema "eeh." Ukisema "akafika ku mutoni," anasema "kiisha?" Bila mwitikaji hadisi inaanguka, sawa mutu aliyeegama ku mulango wenye haujafungwa. Ushike hiyo, nitairudilia.

Wakati wa kupanda maharagi Kambale akanipeleka Beni. Dokta wa shingo alikuwa kule. Ile njia ya Butembo na Beni munaijua, sitapoteza mate: tulingojea basoda ba bunduki batangulie ju ya usalama, tukafika na mavumbi mpaka mu meno. Dokta akanichoma shindano mu shingo, akavuta maji kidogo, akasema turudie. Tukarudia wakati maharagi inatoa maua.

Ile siku ya pili njo siku ya ubaya, na ilikuwa siku muzuri kabisa. Ku banc niliikaa na mama mumoja mwembamba, ana viazi vitamu mu kitambaa, ananivunjia nusu. Sauti yake ilikuwa chini na nzito, sawa ngoma ya mbali. Anatoka Alimbongo, analima viazi, anaimba ku korali ya baprotestanti. Nikamuambia siye Bakatoliki tunaimbaka muzuri kubapita. Akasema, ndiyo, ndiyo, njo maana Mungu anajifunga masikio kila Siku ya Mungu. Nilicheka mpaka goitre ikaniuma.

Infirmière, muuguzi wa pale, akatoka akaita, "Masika." Bamama bane tukasimama.

Munacheka? Njo vile kwetu. Binti wa kwanza mu nyumba ni Masika. Ukitupa jiwe mu soko ya Butembo ukauliza limepiga nani, ni Masika. Infirmière naye akacheka, akasema, "Masika wa goitre." Babili bakaikaa chini. Tukabakia babili: miye na ule mama wa viazi. Akaniambia, "Tangulia, weye ndiye muzee." Nikamuambia muzee ni goitre yake. Nikaingia.

Dokta alikuwa kijana, ametoka mbali, mu upande ingine ya inchi. Sikatae, mikono yake ilikuwa ya pole. Mais hakusema na miye. Akagusa shingo, akaangalia jibu ya ile shindano, akatoa ku mufuko kamashini kadogo sawa kidole, hivi hivi kama hii ninashika, banaita dictaphone, akakaleta ku mudomo akasema French. Kakasikia. Nikamuuliza anasema nini, akanyanyua kidole: ngoja. Mutu akininyima kusema, miye njo ninasema zaidi. Nikamuambia, "Dokta, hii goitre ni mupangaji mubaya. Aliingia na beseni moja, leo ana bibi, batoto na mbuzi mbili, na hataki kutoka." Akacheka. Alicheka kabisa, kamashini kakiwa ku mudomo. Kiisha akaniambia mu Swahili yake ya kuvunjika, "Nyamaza kidogo, mama, ninafanya kazi." Akasema tena na kamashini, akakafunga. Akaniambia bureau, ofisi ya kuandika, itanipa karatasi.

Weye unayesikiliza, uangalie hapo. Shingo ilikuwa yangu. Jibu alilishika mu mukono. Aliliambia chuma, nikiwa mbele yake na mudomo wangu na masikio yangu.

Ku bureau secrétaire anavaa écouteurs ku masikio, anasikia sauti ya dokta, anaandika ku ordinateur, karatasi inatoka. Tukangojea. Mama wa Alimbongo naye akatoka, akakaa karibu. Karatasi yake bakamusomea mbele: uvimbe laini, hakuna ubaya, dawa kidogo, rudia nyumbani. Akanikumbatia, akaanza kulia. Akasema atatoa shukrani mbele ya kanisa. Akaenda.

Kiisha bakanisomea yangu. Infirmière alifunga mulango mbele ya kusoma, nikajua. Kansere. Batapasua, batoe yote, na ile musuli wa sauti inapita pale pale mu ubaya. Nikauliza, sauti itarudia? Akaangalia Kambale. Mutu akikuangalilia mutoto wako mahali pa kukujibu, umeisha pata jibu. Nikauliza nione dokta. Dokta ameenda kwao, mu congé, kupumzika. Nitapasuliwa na mwengine, mvua ikiingia.

Sasa nitasema ya nyumbani, na Kavira, hapana kupunguza makofi yenye maneno yangu itakupiga kwa sababu ni weye unaandika.

Bakanipa dawa ya kutayarisha mwili. Ile dawa ilinikimbiza moyo sawa mutu anafukuzwa. Mikono ikatetemeka, nikashindwa kumwanga chai bila kuchoma magoti. Nikakonda. Kikwembe kilichonizunguka mara moja na nusu kikanizunguka mara mbili. Usiku jasho, muchana baridi. Na ndani ya nyumba bote bakaanza kusema pole pole. Unajua ile sauti banatumia ku kilio, ku matanga? Banaitumia na miye ningali ninapika. Kiisha bakaninyima kupika. Bajirani bakaja, bakaikaa, bananiangalia shingo. Batoto yangu babili bakaanza kugombania shamba ya kule Kirumba, ku kiwanja, banafikiri kansere inaziba na masikio. Nilitoka na mwiko. Mikono inatetemeka, mais mwiko ulifika.

Kiisha Kavira akakuja na hii kamashini. Ni ya paroisse, banarekodiaka mahubiri. Akasema, "Mama, tuweke hadisi zako zote humu, mimi nitaandika, batoto basipoteze." Alisema muzuri, na macho imejaa maji. Na miye nikaona wazi: batu hawa bananiweka mu kamashini sawa banaweka samaki mu chumvi. Ni ju ya siku nitakuwa sipo.

Nikajaribu. Mungu anajua nilijaribu. Bakakaweka ku meza, bakaniacha pekee yangu ju hapana kelele iingie. Nikasema, "Sungura akatoka." Kimya. Kataa kekundu kananiangalia. Nikasema tena, "Akatoka, akafika ku mutoni." Kimya. Hii kitu inasikia sawa mutu anayesimama nyuma ya mulango yako. Haikuitikii, haikuulize, haicheki. Nikasikia hadisi inakauka mu mudomo wangu. Nikakatupa ku kitanda, nikamuambia Kavira: ulete mutu ao uondoe hiyo. Akafikiri nimekasirika ju ya kifo. Hapana. Nilikasirika ju bananizika mbele ya kifo, na bananiuliza nisaidie kuchimba.

Padri akanipakaa mafuta. Mvua ikaingia. Tukaenda Beni.

Ku hopitali nililala siku ya kwanza, bakanitayarisha. Asubui dokta wa kupasua akafika, mama mukubwa, nywele nyeupe, viatu vya plastiki. Huyu aliikaa ku kitanda yangu. Alisema na miye, mu Swahili, akanishika mukono. Akafungua dossier ya karatasi zangu, akasema, "Mama Masika, ninaona ulipasuliwaka tumbo wakati wa kuzaa. Ile kovu ilipona muzuri?"

Nikamuambia, "Miye sijapasuliwaka."

Akaangalia tena. "Inaandikwa hapa."

"Basi muulize karatasi ilizaa lini. Miye batoto yote balitoka ku mulango."

Na hapo Kambale, mutoto nilimubeba, yeye mwenyewe alitoka ku mulango, akasema pole pole na dokta, ile sauti ya kilio: "Dokta, mama anasahau siku hizi."

Nitakuambia kitu. Kansere haikuniliza. Dawa haikuniliza. Hiyo ilinikata. Karatasi inajua tumbo yangu kunipita, na mutoto wangu anasimama upande wa karatasi. Nikashuka ku kitanda, na ile kanzu yao ya hopitali inafungukaka nyuma, nikaifungua na mbele. Nikasema, "Tafuteni. Bote. Kambale, weye utangulie, uliikaa mule." Akafunika macho. Bagonjwa ba kitanda zingine bakaikaa kuangalia. Tumbo yangu ina mikunjo mingi, mais kisu hakuna hata kimoja.

Ule mama dokta hakucheka. Akanifunika yeye mwenyewe. Akasema hakuna kupasua mutu leo mpaka tuelewe. Akaita secrétaire.

Akafika binti ya Beni, kijana, amesuka muzuri, écouteurs ku shingo. Akaulizwa karatasi ilitoka wapi. Akasema ni vile dokta alisema mu kamashini. Alisema "Masika, goitre," sauti ya kwanza, naye akaiweka mu dossier ya juu. Kiisha "Masika, goitre," sauti ya pili, mu dossier ya chini; kumbe dossier ya mutu wa mwisho njo ilikuwa juu. Dokta hakusema jina ya baba, hakusema kijiji. Kwao kule pengine Masika ni mumoja.

Nikamuuliza ule binti, "Na weye, banakuita nani?"

Akaangalia chini. "Masika."

"Na haukuuliza?"

Nikasema na dokta: sauti iko? Secrétaire akasema iko, ile kamashini inachunga, haijafutwa. Basi ilete, nikasema, nisikie na masikio yangu. Kambale akaanza kusema mama, ni mu French, hautasikia. Nikamuambia anyamaze, alikuwa ameisha sema ya leo.

Bakaleta kamashini, bakaiweka ku blanketi yangu. Binti akafinya. Ikatoka sauti ya ule kijana dokta, French, French. Kiisha ikatoka mwanamuke, anasema kwa nguvu: "Dokta, hii goitre ni mupangaji mubaya. Aliingia na beseni moja..."

Ilikuwa miye. Mbele ya dawa, mbele ya woga. Sauti yenye mchanga, ya kushiba. Chumba nzima bakasikia mbuzi mbili. Dokta anacheka mule ndani, "nyamaza kidogo, mama," kiisha French tena. Na ule mama dokta akafunga macho ju ya kusikia muzuri, akanitafsiria neno kwa neno: uvimbe laini, shindano haikuona ubaya, apewe dawa kidogo, arudie nyumbani.

Miezi yote ile, jibu yangu ilikuwa mu mufuko ya kamashini, na kicheko juu yake.

Bananiambiaka toka utoto, Masika, punguza mudomo. Bwana yangu, Mungu amulaze, aliniambia. Dokta aliniambia. Kama ningenyamaza ile siku, sauti mbili za French zingefanana, na bangenifungua shingo bure. Mama dokta akasema, "Mama, pardon." Alinishika mikono mbili. Ule mumoja tu aliomba pardon, na hakukosa kitu.

Kambale alianza kushukuru Mungu na kulia. Na miye nilianza kushukuru, nikafika nusu, nikasimama. Nikasema, "Na mwenye tumbo ya kovu?"

Mama dokta akageukia secrétaire.

Secrétaire akafinya sauti ya pili. Hapo hakuna mama anayesema. Mutu wa heshima, aliulizwa anyamaze akanyamaza. French tupu, moja kwa moja, na ule mama dokta hakutafsiri mpaka mwisho.

Hopitali ikasema itapiga simu kule Alimbongo. Simu haikupita. Bakasema batatuma ujumbe ku kituo cha afya. Nikamuambia Kambale: unatafuta njia ya kunilipa ile neno ulisema? Utafute moto, ile pikipiki. Akaacha kubishana. Dawa ile ya kukimbiza moyo bakaisha kuikatiza. Tukapita Butembo bila kulala nyumbani, tukashika njia ya Lubero mu ile mvua, mashimo ya matope na malori imezama. Kule Alimbongo nikauliza Masika wa korali. Bakaniuliza yupi. Nilitaka kupiga mutu. Nikasema, mwenye sauti ya ngoma. Bakanionesha shamba.

Alikuwa anachimba viazi. Fulari ku shingo, kubwa kupita zamani. Akaniona, akatupa jembe, akakimbia kunikumbatia, na akasema karibu, na ile sauti ilikuwa imeisha punguka, imebakia sawa majani inakanyagwa. Habari yangu ilimufikia na gari ya viazi, akaniuliza, baliisha kukupasua? Unasema muzuri hivi? Akanishika shingo na mikono ya udongo, anafurahi. Anafurahi ju yangu.

Nikamuikalisha ku gunia. Nikamuambia, "Masika, balibadilisha karatasi zetu. Ubaya ni wako."

Akapangusa kiazi kimoja na kikwembe, akakiweka, akapangusa kingine. Kiisha akasema, "Nilisha mushukuru Mungu mbele ya kanisa nzima. Sasa nimunyang'anye shukrani?"

Miye, mudomo wote huu, nikaanza kumusaidia kupangusa viazi.

Alipasuliwa na ule mama dokta, Beni, mvua ikiwa ingali inanyesha. Nilibakia naye, ju batu ba kwake habakuweza kufika bote. Nilimuletea uji, bakatoa nyuzi, nikamufunga fulari mupya. Anaishi. Dokta alitoa ubaya yote yenye mukono yake ilifika. Mais sauti ilikuwa imeisha kamatwa, ikaenda na ule ubaya. Kama angefunguliwa wakati maharagi inatoa maua? Nilimuuliza mama dokta. Akasema hajui. Kiisha akaangalia dirisha. Nilisha kuambia miye ninajua maana ya mutu kuangalia upande.

Ule dokta kijana alirudia ku kazi yake. Secrétaire angali pale. Hakuna mutu alienda Alimbongo kusema pardon. Njo maana siachilie.

Basi weye ule wa banc, usikie koko. Bakisema na kamashini mbele yako, usinyamaze. Ukohoe, useme jina lako, jina ya baba, kijiji, kovu zako zote, na kama hauna kovu, useme hauna. Uombe dokta aseme mu luga yako ile alisema mu yake. Akikuambia nyamaza, kumbuka beseni na mbuzi mbili. Na mwenye kusoma karatasi akisema "Masika," usisimame tu. Muulize: yupi?

Goitre yangu ingali hapa, mupangaji amepunguza kelele. Na Kavira amenirudishia kamashini. Nimekubali, ju sasa niko na mwitikaji. Ameikaa hapa ku kiti cha mbao, amekuja jana na gari ya viazi, ana kijiko ku mukono. Kila nikifika mahali pa "eeh," anagonga ku kiti. Kama munasikiliza hii sauti muzuri, mutamusikia toka mwanzo. Ku kicheko ya Mungu kujifunga masikio aligonga mara tatu, ju ni neno yake, anaitaka.

Kavira ameniuliza kama ile kugonga iandikwe, banasema haiko neno. Ni neno. Uandike kila mahali amegonga. Na pale paroisse ikiuliza nani aliitikia hii hadisi, uandike jina yote, hapana kukata: Masika, binti ya Paluku mufua vyuma, wa Alimbongo, mwimbaji wa korali.

Njo vile, Masika?

Amegonga. Andika.